Steshenari ya nyuma ya mahakama, Kisutu: nimerudi mara nne

Nyota nne kati ya tano. Hiyo ya tano nitaeleza ilikopotelea, na ni upande wa nyuma wa karatasi moja tu.

Jina la duka silitaji kwa sababu mwenyewe hataki. Anasema wateja alionao wanamtosha. Ukishuka kituo cha mwendokasi cha Kisutu ukawafuata watu wenye mafaili kwapani, utafika. Mlango mwembamba, nje kuna ubao wa chaki: KOPI 100, KUCHAPA 1,000, BAINDI 3,000, KIAPO ULIZA NDANI. Ndani kuna mashine mbili za kutolea kopi, kijana mmoja wa kandambili, na feni inayozunguka pale inapojisikia. Wengi wanaingia kutoa kopi ya kitambulisho cha NIDA na kukimbia zao. Mimi nalisifia duka hili kwa kabati lililo nyuma ya pazia, na kwa Mzee anayelilinda.

Ni kabati la chuma la kijani, yale ya ofisi za serikali za zamani, mlango wake ukiufungua unalia kama mbuzi. Ndani mna Magazeti ya Serikali yaliyojalidiwa, juzuu za sheria tangu Tanganyika, na vitabu ambavyo Mzee amevinunua kwa familia za mawakili waliotangulia mbele ya haki. "Wakili akifa, watoto wanagombea nyumba," aliniambia. "Vitabu wanauza kwa kilo." Yeye alikuwa mpigachapa ofisi za serikali mpaka alipostaafu. Ukimtajia sheria haulizi jina, anauliza mwaka.

Sasa nilifuata nini huko. Mimi ni mfasiri. Mkate wangu ni vyeti vya kuzaliwa, vya ndoa, na vya shule kwa wanaotaka viza. Mwezi wa pili wakili mmoja akaniletea kazi ya namna nyingine. Mteja wake, kijana mdogo, anatakiwa na Marekani, na hapa mahakama ilikuwa inasikiliza maombi ya kumkabidhi. Kosa lenyewe nisilitaje, mambo bado yako mezani. Mama wa kijana, mtu wa Tanga kama mimi, alikuwa anahudhuria kila tarehe na kurudi nyumbani na maneno mawili matatu. Mwishowe akamwambia wakili kwamba hatoi senti nyingine mpaka asomewe kwa Kiswahili ni karatasi gani hizo zinazomchukua mwanawe. Ndiyo ikawa kazi yangu, na malipo aliyatoa yeye mwenyewe kwenye kibubu.

Siku ya kwanza nilikuja na ombi dogo: Sheria ya Kubadilishana Wahalifu ya mwaka 1965, ambayo leo ni Sura ya 368. Ningeweza kuipata mtandaoni bure, na nilikuwa nayo kwenye simu. Ila niliitaka ilivyochapwa mwanzo, pamoja na majedwali yake. Dakika nne, Mzee ameitoa. Kurasa zikakaa sawa, wino mweusi, hakuna kivuli cha uti wa kitabu katikati. Anayefanya kazi na nakala za vitabu vinene anajua kivuli hicho kinavyokula maneno. Dogo, yule kijana wa kandambili, anakilaza kitabu kwa mkono wa kushoto na kukikandamiza kwa mfuko wa mchanga, kilo kama mbili, ulioshonwa kwa kitambaa cha suruali ya jinsi. Sijauona kwingine popote mjini.

Nilipomsomea mama yule kichwa cha sheria, alinikata hapohapo. "Kubadilishana? Wao wanamchukua wangu, sisi tunapewa nani?"

Sikuwa na jibu. Miaka kumi na tisa ya kufasiri sijawahi kulitilia shaka neno hilo. Magazeti yanaandika hivyo, mahakimu wanasema hivyo. Lakini mle ndani hakuna kubadilishana kokote. Nchi ya nje inaomba kupitia ubalozi, ombi linafika kwa waziri, waziri anaiandikia mahakama, na hakimu anaangalia. Hakimu hasikilizi kama mtu ana hatia au hana; hiyo ni kazi ya kule anakopelekwa. Anaangalia kama aliyesimama mbele yake ndiye anayetakiwa, kama kosa limo katika yale yaliyokubaliwa, na kama ushahidi ungetosha kumpeleka mtu mahakamani iwapo mambo yangetokea hapa. Akiridhika, anaamuru mtu awekwe gerezani kusubiri, na anamwambia kwa kinywa chake kwamba hatasafirishwa kabla ya siku 15, na kwamba ndani ya siku hizo anaweza kwenda Mahakama Kuu kudai aachiwe. Hizo siku 15 nilizipigia mstari mwekundu kwenye tafsiri yangu. Katika rundo lote lile zilikuwa ndizo habari pekee ambazo mama angeweza kuzifanyia kitu.

Ziara ya pili ndiyo iliyonifanya nikae kuandika haya.

Ombi la Marekani lilijengwa juu ya mkataba uliotiwa saini London tarehe 22 Desemba 1931, kati ya Uingereza na Marekani, ukaanza kutumika Juni 1935. Mama akauliza swali ambalo naona hata bungeni lingestahili kuulizwa: "Mwaka huo hata baba yangu hajazaliwa. Mfalme amekubaliana na Mmarekani. Mimi na mwanangu tunaingilia mlango gani?"

Nikalibeba swali hivyohivyo mpaka Kisutu. Mzee alikuwa anakunywa chai ya rangi na kitumbua. Hakusema kitu, alifuta mikono, akaingia nyuma ya pazia na kurudi na kitabu kinene cha Umoja wa Mataifa cha mwaka 1967, cha nyaraka za nchi zilizopata uhuru na mikataba waliyoikuta. Akafungua palipowekwa kipande cha gazeti. "Soma hii kwanza. Hiyo ya mfalme baadaye."

Ilikuwa ni barua ya Nyerere, wakati huo Waziri Mkuu, kwa Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, Desemba 1961, wino wa uhuru haujakauka. Waingereza walikuwa na desturi: nchi ikikaribia kujitawala, inawekewa hati moja ya kusaini kwamba inarithi mikataba yote waliyoifunga kwa niaba yake. Ghana walisaini, Nigeria walisaini, Sierra Leone walisaini. Tanganyika ikakataa. Barua inasema mikataba ya nchi mbili itaendelea kwa miaka miwili tangu uhuru, mradi upande wa pili nao uitimize, na katika muda huo itapitiwa na kuzungumzwa. Itakayofika tarehe 8 Desemba 1963 bila kuafikiwa ihesabike imekufa, isipokuwa ile ambayo kwa sheria ya kimila ya mataifa, yaani desturi zinazowafunga wote hata bila kusaini, ingeishi yenyewe. Wanasheria wa dunia mpaka leo wanauita msimamo huo kwa jina la Nyerere, na majirani zetu kadhaa waliufuata kwa namna zao.

Kwa mama wa Tanga haya niliyafasiri kwa lugha ya mirathi, maana msiba na mirathi kila mtu anavijua. Marehemu ameacha mali na madeni. Ndugu wengine wanapokea daftari zima siku ya matanga. Huyu alisema: nipeni miaka miwili nilisome deni moja moja, nitakalolikubali nitalilipa.

Na hili la kukabidhiana watu lilikubaliwa. Mzee alikuwa na nakala ya hati walizobadilishana Tanzania na Marekani hapahapa Dar es Salaam, tarehe 30 Novemba na 6 Desemba 1965, kwamba mkataba ule wa 1931 uendelee baina yao. Kenya nayo ilibadilishana hati zake na Marekani mwaka huohuo. Kwa hiyo anayemwita kijana yule si mfalme wa Uingereza. Nilipolifikisha hilo kwa mama alinyamaza, akakunja ncha ya kanga akaikunjua. "Basi ni sisi."

Msomaji makini atakuwa ameshaona pengo: muda wa barua unaisha Desemba 1963, hati ni za mwishoni mwa 1965. Nilimwonyesha Mzee kwa kidole. Akacheka mpaka chai ikamwagika kwenye sahani. "Mwanangu, hapo katikati ndipo mawakili wanapojengea nyumba."

Sasa nyota ya tano. Mkataba wa 1931 umo kwenye juzuu iliyochapwa pande mbili. Nikalipia, nikapanda daladala, nikafika Tabata, nikala, nikakaa kufasiri. Saa tano usiku nafika ibara ya tatu, ile yenye orodha ya makosa ambayo mtu anaweza kukabidhiwa kwayo: mauaji, kughushi, uharamia, na mengine mengi. Orodha inakwenda vizuri, halafu inaruka. Ukurasa unaofuata unaanza na habari nyingine kabisa. Dogo ametoa kopi ya mbele akasahau ya nyuma. Na katika hati yote ile ukurasa huo ndio roho ya kesi. Kosa likiwemo kwenye orodha, mtu anaweza kwenda. Lisipokuwemo, wakili anasimama na kuomba aachiwe. Nililala vibaya.

Asubuhi niko mlangoni saa moja na nusu. "Samahani dada, mashine jana ilikuwa inavuta mbili mbili." Sawa, mashine ni mashine. Lakini akanitolea ukurasa uliokosekana, akanyoosha mkono: "Mia." Mia moja kwa kosa lake! Nikampa, si kwa kuridhika, bali nilikuwa na kikao saa tatu. Ushauri kwa mtakaokwenda: hesabuni kurasa palepale juu ya meza, hata kama foleni nyuma yenu inaguna. Guno la foleni linapita.

Nikisema haya nakumbuka kwamba kazi hii yote ya kukabidhiana watu imesimama juu ya karatasi. Hati ya kukamata kutoka nje lazima iwe na sahihi ya mwenye mamlaka na mhuri. Maelezo ya mashahidi hali kadhalika. Ikikosekana moja, mawakili wanaifuata hiyohiyo. Kati yetu na majirani njia ni fupi zaidi, hakimu wa upande huu anaidhinisha hati ya kukamata iliyotolewa na hakimu wa upande ule, basi. Lakini hata hapo ni karatasi na mhuri.

Ziara ya tatu sikununua kitu. Nilikwenda kwa sababu umeme ulikatika nyumbani, na pale Mzee ana betri. Alinisukumia juzuu ambayo sikuiomba, mijadala ya Bunge la Uingereza ya mwaka 1963. Anthony Enahoro, mwanasiasa wa Nigeria, alikimbia mashtaka ya uhaini mwaka 1962 akapitia Ghana mpaka Uingereza. Nigeria huru ikamdai. Sheria iliyotumika ilikuwa ya Waingereza ya mwaka 1881, iliyotungwa kwa ajili ya himaya: mtu akikimbia kutoka koloni moja hadi jingine ni kama ametoka chumba kimoja kwenda kingine, baba mwenye nyumba ni yuleyule, kwa hiyo haikuwa na kinga ya kosa la kisiasa, yaani kwamba anayedaiwa kwa ajili ya siasa asikabidhiwe. Nigeria imeshahama nyumba, lakini sheria ya vyumba bado ilikuwa inafanya kazi. Wabunge walipiga kelele kurasa na kurasa. Mei 1963 akarudishwa, akahukumiwa miaka 15, akaja kuachiwa mwaka 1966. Mwaka huo huo mawaziri wa sheria wa Jumuiya ya Madola wakakutana London kupanga utaratibu mpya, na mwaka uliofuata Uingereza ikaiweka kando ile ya 1881 kwa sheria nyingine yenye kinga hiyo.

Nilimsimulia Mzee lile swali la mama, sisi tunapewa nani. Nilidhani atacheka. Akatoa miwani.

"Kubadilishana kwenyewe nimekuona mara moja tu," alisema. "Na hakukupita kwenye sheria hiyo."

Alikuwa anazungumzia 1983. Agosti mosi 1982, jaribio la mapinduzi Nairobi liliposhindwa, Hezekiah Ochuka na Pancras Oteyo Okumu wa jeshi la anga la Kenya walichukua ndege ya jeshi wakatua Dar es Salaam. Kwetu nako, waliokamatwa kwa njama za kumpindua Nyerere, wawili wao, Hatty McGhee na Pius Lugangira, walitoroka mahabusu ya Keko katikati ya 1983 wakaibukia Kenya. Mpaka wetu na Kenya ulikuwa umefungwa tangu 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki imevunjika, na mali yake ilikuwa haijagawanywa. Novemba 1983 marais wakakutana Arusha, mpaka ukafunguliwa, na mwezi huohuo watu wakabadilishwa: wa kwao wakaenda kwao, wa kwetu wakaletwa. Ochuka alinyongwa katika gereza la Kamiti mwaka 1987. Wa kwetu walihukumiwa kifungo cha maisha mwaka 1985.

"Mimi nilikuwa nachapa barua za serikali kutwa," Mzee alisema. "Siku zile niliona barua za mpaka, barua za mabasi, barua za ng'ombe. Ya watu wale sikuiona." Akavaa miwani. "Na Nyerere alikuwa mtu huyohuyo wa barua ya kwanza."

Huyohuyo pia, nikamkumbusha, aliyekataa kumpeleka mwanasiasa A. M. Babu Zanzibar. Baba yangu alikuwa akiieleza habari hii kila Aprili. Mwaka 1969 wanasiasa wa Zanzibar, Kassim Hanga na Othman Sharif, walipelekwa Zanzibar kutoka Bara, wakauawa huko. Karume, Rais wa Zanzibar, alipouawa tarehe 7 Aprili 1972 na Zanzibar ikawadai Babu na wenzake, safari hiyo Nyerere hakuwatoa. Walihukumiwa kifo huku hawapo, na Babu akakaa kizuizini Bara mpaka 1978. Ni nchi moja, hakuna mkataba wala Sura ya ngapi, lakini swali lililokuwa mezani ni lilelile lililo nyuma ya kila kesi ya kukabidhi mtu: nikimtoa huyu, anakwenda kukutana na nini?

Tulikaa kimya kidogo. Dogo akaja kuuliza kama baindi ya cheti cha kifo inawekwa plastiki mbele na nyuma.

Nirudi kwenye huduma, maana hii ni tathmini. Kuchapa: wanachapa haraka lakini "ch" na "j" za Kiingereza zinawatesa, kagua. Lipa namba ipo, na hawakuongezei makato. Kiapo: wakili wa viapo anapita kati ya saa nne na saa saba, ukimkosa umekwisha. Kiti cha wateja ni kimoja na kina mguu wa nne wa matofali. Choo usiulize. Vitabu vya kabatini haviazimwi, haviuzwi na havipigwi picha kwa simu; nilijaribu, Mzee akafunga kitabu kidole changu kikiwa ndani. Bei ya kutafutiwa hati ya zamani ni maelewano. Mimi nililipa elfu tano kwa zote, na naona aibu kidogo ilivyo ndogo.

Ziara ya nne nilikwenda na mama. Alitaka kuliona lenyewe, hilo kabati. Shikamoo, marahaba, kumbe Mzee amewahi kukaa Ngamiani, kulekule Tanga, dakika ishirini zikaishia kuulizana ukoo. Kisha mama akauliza lililokuwa moyoni: huko wakishamchukua, si watambandikia mengine yasiyo hayo? Wakili alikuwa amemweleza kwa maneno makubwa. Mzee alimweleza hivi: ukiazima sufuria ya jirani kwa kupika ubwabwa, huruhusiwi kuchemshia sabuni. Aliyechukuliwa kwa kosa hili ashtakiwe kwa kosa hili. "Ndivyo imeandikwa," akasema, na neno "imeandikwa" alilitamka polepole.

Mama akataja vijana wa Akasha, ndugu wa Mombasa waliotakiwa na Marekani kwa dawa za kulevya. Mombasa nzima inajua habari yao, na Tanga ilisikia pia. Walikamatwa Novemba 2014, kesi ya kuwakabidhi ikaenda zaidi ya miaka miwili mahakamani Mombasa, na Januari 2017, kesi ikiwa bado haijafika mwisho wake, wakajikuta New York. Baktash alipata miaka 25, Ibrahim 23. "Hao nao yao yalikuwa yameandikwa?" mama aliuliza. Mzee alitazama mashine ya kopi.

Tafsiri niliikabidhi kurasa 61. Kila palipoandikwa kubadilishana mimi niliweka kukabidhi, isipokuwa kwenye jina la sheria, ambalo si langu kulibadili, na kwenye aya moja ya maelezo ya chini kuhusu Novemba 1983. Wakili alininung'unikia, akasema hakimu amezoea lile lingine. Nikamwambia hakimu si aliyelipa.

Mama aliomba kopi moja ya ziada ya barua ya 1961, aiweke nyumbani. Dogo akatoa mbele na nyuma, akahesabu kurasa kwa sauti bila kuambiwa, akaangalia upande wangu. Mama akafungua pochi. Mzee akaita kutoka nyuma ya pazia kwamba hiyo isilipiwe, na ile mia ya dada mfasiri irudishwe.

Chenji ilikuwa haipo. Bado naidai.